Bwana Harusi Kutoka Hungaria

Wiki jana, msomaji, tuliachana mahali pabaya. Bakri, ami yake Rawda, alikuwa ameushika mkono wa Adnan, bwana harusi, Sheikh Fuadi anamtamkisha maneno ya kumwozesha Rawda, na maneno yenyewe yamebaki mawili matatu tu. Ndipo pazia likavutwa. Bi Mishi akaingia chumba cha wanaume na viatu vyake miguuni, akakanyaga mkeka wa watu, akasema kwa Kibajuni chake, ambacho mtu ni mchu na kitu ni kichu:

"Bakri, mwachie mkono. Mchu huyu hajaiona Hungaria hata kwenye picha."

Tuendelee basi, maana waliokuwemo wameduwaa vya kutosha.

Bakri hakuuachia. Alimgeukia dada yake, jasho linamchuruzika chini ya kofia. "Mishi, toka. Utatuaibisha."

"Aibu ya leo ni ndogo. Mwachie."

Nyuma ya pazia Rawda alisikia kila neno. Alikuwa amekalishwa kitandani, viganja vimejaa hina, udi unafuka miguuni, wenzake wamemzunguka. Alimjua shangazi yake. Bi Mishi ameishi Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tangu Rawda yuko madrasa. Hakupanda ndege kuja mpaka Kismayo ili aje kuharibu harusi ya binti wa ndugu yake kwa mchezo.

Na hofu ya Rawda ilikuwa na jina. Mariam wa kisiwa cha Kudha, rafiki yake, aliolewa mwaka jana na kijana mtanashati aliyesema anaishi Italia. Sauti ya Mariam iliyofuata kusikika ilitoka Libya, kwenye simu ya watu wasiojulikana, akilia aokolewe. Mpaka leo mama yake analala na simu kifuani.

Kesho Rawda naye alikuwa asafiri na Adnan. Ukitaka kujua uzito wa jambo lenyewe, ni huo tu: je, huyu ni mume, au ni mtu wa kuuza watu?

"Sheikh," Bi Mishi alisema, "sisi Wabajuni tukifika Ulaya hukalishwa kitini tukaulizwa. Taja visiwa vyenu kwa mpango. Kisima cha Chovai kiko upande gani wa msikiti. Samaki huyu mnamwitaje. Ukikosa kimoja, wanasema wewe si Mbajuni, ni mwongo, rudi ulikotoka. Mimi niliulizwa kutwa nzima, nikasahau hata jina la mamangu. Leo nataka kuuliza mimi."

Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona nikaha ikisimamishwa kwa mtihani. Sheikh Fuadi, mzee mwenye subira lakini asiyependa kupotezewa muda, akamtazama Adnan.

"Unasemaje, kijana?"

"Aulize," Adnan alijibu.

Bi Mishi hakukaa. Alisimama katikati ya mkeka, mtandio umemteleza mabegani.

"Budapest kuna daraja kubwa la minyororo. Kila upande limewekwa simba wa mawe. Wachu wa kule wana masihara yao juu ya simba wale, wanasema wamekosa kichu. Wamekosa nini?"

Adnan akafikiri. "Sijui."

"Ulimi. Haya, zile gari za reli zinazopita barabarani mjini, rangi gani?"

"Sijui."

"Mto upitao katikati ya mji?"

"Danube. Nimeusikia. Sijauona."

Manong'ono yakaanza. Kule chumbani mmoja wa mashoga zake Rawda akamshika mkono, Rawda akautoa. Hakutaka kuonewa huruma mapema hivyo. Miezi yote hii Adnan alikuwa akija barazani kwao, akimsimulia Hungaria mpaka yeye akawa anaiota usiku. Theluji, korongo, kengele za adhuhuri. Kumbe ni maneno ya kuokota? Alijisikia mjinga, na hasira ikampanda mpaka machoni.

Bi Mishi akatabasamu, tabasamu la mtu anayefunga mlango. "La mwisho ni rahisi, hata mtoto angelijua. Bahari ya Hungaria inaitwaje?"

Hapo Rawda akajua ni mtego. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia jana: nchi ile imezungukwa na nchi pande zote, hakuna pwani, mtu anaweza kuzaliwa mpaka akafa asionje maji ya chumvi. Sema haina, alimwombea kimoyomoyo. Sema haina bahari.

"Balaton," akasema Adnan.

Chumba kizima kikacheka. Hata Sheikh Fuadi alitikisa kichwa. Bakri akauachia mkono wa Adnan, akaufuta wake kwenye kanzu yake mpya. Mbajuni peke yake, walisema, ndiye awezaye kudhani kila nchi duniani lazima iwe na ufuko.

"Ni ziwa," Adnan aliendelea, wala hakupandisha sauti. "Maji yake matamu. Upande wa kusini unaingia unatembea, unatembea, yasikupite kiuno. Lakini wao wenyewe wakilitaja husema bahari yetu. Nilimuuliza mzee mmoja wa kule, mbona ziwa mnaliita bahari? Akaniambia, zamani tulikuwa na pwani, vita vikaja tukanyang'anywa. Mchu akinyang'anywa bahari hujitafutia nyingine."

Kicheko kikafa. Waliokuwemo chumbani humo wengi walitolewa visiwani kwa bunduki, tangu ule mwaka wa tisini na moja, serikali ya Somalia ilipoanguka, na wengine watoto wao hawajakanyaga Chovai hata siku moja. Hapakuwa na wa kumcheka mzee huyo wa Kihungaria.

Uso wa Bi Mishi ulibadilika. "Nani kakwambia hayo?"

"Nimesema. Mzee mmoja."

Bi Mishi akageuza lugha. Alimrushia maneno ya Kihungaria, ya haraka, bila kituo, kama anavyogombana na wauza mboga wa kule. Wanaume wakakodoa macho. Naye Adnan akajibu. Hakujibu neno kwa neno, alijibu kwa urefu, polepole, akiviringa midomo, mpaka Bi Mishi ndiye aliyekwama akaanza kutafuta maneno.

"Anakijua?" Sheikh aliuliza.

"Anakijua kunishinda," Bi Mishi alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayefunga mlango. "Na anakisema kwa lafudhi ya kusini, ya wakulima wa huko Szeged. Hichi si kichu cha kujifunza kwenye simu."

Rawda akashusha pumzi. Machozi aliyoyazuia kwa hasira yakamtoka kwa faraja, akayafuta kwa mgongo wa mkono asije akaharibu wanja. Basi si mwongo. Alikuwako kweli.

Lakini msomaji mwenye akili timamu ameshajiuliza, kama alivyojiuliza Bi Mishi. Mtu gani huyu anayejua lugha ya nchi mpaka lafudhi ya wakulima, asiyejua rangi ya gari linalopita barabarani?

Bi Mishi akakaa chini sasa, mbele ya Adnan, goti kwa goti. Akauliza taratibu, "Asubuhi ukiamka kule, ulikuwa ukiona nini?"

"Bomba la moshi la nyumba ya pili. Juu yake korongo wamejenga. Wanakuja baridi ikiisha, wanaondoka watoto wakishajua kuruka. Wanakuja huku kwetu Afrika, alisema yule mzee."

"Na mavuno yakifika?"

"Ukuta wa nyumba hiyo unakuwa mwekundu. Wanatunga pilipili kwenye uzi, wanazitundika zikauke. Adhuhuri kengele za kanisa zinalia, kila siku."

"Na upande wa pili wa nyumba hiyo kuna nini?"

"Sijui upande wa pili."

"Mtaani kwenu kuna duka gani?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo, dirisha moja," Bi Mishi alisema. "Ulikuwa jela."

Bwana harusi akainamisha kichwa.

"Naam," akasema. "Nimekaa Hungaria, nimekula chakula chao, nimejifunza lugha yao kwa yule mzee tuliyefungwa naye, akinieleza nchi yake kila siku kwa mapenzi mpaka nikaipenda na mimi. Lakini kuiona, sijaiona."

Bakri akasimama. "Mfungwa. Umekuja kwangu kuoa binti wa marehemu ndugu yangu, na wewe ni mfungwa. Ulimwua nani?"

"Nilishika kasia."

"Ulishika nini?"

"Kasia, ami. Hilo ndilo kosa langu."

Nao Wabajuni waliokuwemo wakasogea karibu, maana kasia ni jambo wanalolielewa.

Adnan akaeleza. Walikuwa upande wa Serbia, kwenye mto Tisza. Ng'ambo ni Hungaria. Mwenye safari aliwapakia kwenye boti ya mpira, watu wa kila kabila, akawasukuma majini, mwenyewe akabaki nchi kavu. Mto ulikuwa umejaa. Boti ikaanza kuzunguka. Watu wale walikuwa wa milimani na jangwani, hakuna aliyewahi kushika kasia maishani mwake, wakawa wanasimama na kupiga kelele, na kila anayesimama anazidi kuilaza.

"Makasia yalikuwa mawili," Adnan alisema. "Nikalichukua moja. Mngalifanya nini nyinyi? Mngalikaa mkawatazama?"

Kila mwanaume humo alijua kwamba angelishika. Mbajuni kwenye chombo kinachokwenda mrama hawezi kukaa kama abiria; mikono haimruhusu. Na hilo ndilo lililomponza Adnan, kwa sababu askari wa ng'ambo walipowasha taa zao, walimtafuta mwenye kasia mkononi. Anayeendesha boti ndiye mvushaji watu, na mvushaji watu anafungwa. Wengine wakapelekwa kambini. Wapiga kasia wakapelekwa mahakamani.

"Wapiga kasia," ilisema sauti. "Umesema makasia mawili. La pili alilishika nani?"

Watu wakageuka. Sauti ilikuwa ya Rawda, na Rawda mwenyewe alikuwa amesimama kwenye pazia, katika nguo zake za harusi, mbele za wanaume. Bibi harusi hasemi siku hiyo. Lakini hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Alikuwa ameukumbuka mto. Simu ya mwisho ya baba yake, Sabir, ilitoka Serbia. Baba alimwambia yuko kando ya mto mkubwa, ng'ambo ni Hungaria, na kule yuko shangazi yako Mishi, nikifika nitakupigia. Hakupiga. Ilikuja habari kwamba boti imezama na Sabir amekufa maji. Ndiyo maana siku ya kwanza Adnan alipotaja Hungaria barazani, Rawda alitoka ndani na kumsikiliza. Alitaka kufika huko alikolala baba yake, amsomee fatiha. Wengine wanaolewa kwa mali, yeye alikuwa anaolewa kwa kaburi.

"Adnan," alisema tena. "La pili alilishika nani?"

Adnan alimtazama, kisha akamtazama Bi Mishi, kisha Bakri. Ilionekana wazi kuwa alikuwa anatafuta pa kutokea.

Bi Mishi alitangulia kusema. "Usilitaje jina hilo. Sabir nilimzika mimi. Waliniita hospitali ya kule kwao, wakanifunulia. Uso ulikuwa umeharibiwa na maji, lakini alikuwa amefungwa kikoi chake, kile cheusi na njano nilichompelekea mwenyewe. Nilikijua. Nikasema ndiye."

"Kikoi kilikuwa chake," Adnan alisema polepole. "Maiti hakuwa yeye. Mchu mmoja alianguka majini, tukamvuta amekwisha kufa, amevuliwa nguo na mto. Sabir akasema maiti hakai uchi mbele ya wanawake. Akavua kikoi chake akamfunika. Shangazi, umemzika mchu mwingine. Sabir ndiye aliyelishika kasia la pili, tukafungwa pamoja."

Yule aliyeingia na viatu kuja kumvua nguo mwongo, amevuliwa yeye. Miaka yote alikuwa akipeleka maua kwenye kaburi la mtu asiyemjua, na ndugu yake yuko jela, mwendo wa saa chache kwa treni kutoka nyumbani kwake. Hakumtafuta, kwani nani humtafuta jela mtu aliyemzika? Na Sabir naye simu yake ilizama na namba zote. Kichwani hakuwa na hata moja.

Bakri ndiye wa kwanza kuamka katika mshangao huo. "Yu hai?" aliuliza. "Ndugu yangu yu hai?"

"Yu hai."

Bakri akaanguka kusujudu palepale, paji la uso likagonga mkeka. Alilia kwa sauti, mtu mzima, bila haya, akimshukuru Mungu. Rawda alimtazama ami yake na moyo ukamjaa. Baba yuko hai. Alitaka kucheka na kupiga vigelegele, alitaka kumkumbatia kila mtu chumbani humo, hata Sheikh.

Kisha Bakri akainua kichwa, na akaona alichokuwa amekisahau kwa furaha.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwanatumu, mama yake Rawda, mtoto mchanga begani. Mtoto wa Bakri.

Kwa msomaji mgeni, na liwe wazi. Sabir aliposemwa amekufa, khitma ilisomwa, Mwanatumu akakaa eda mpaka ikaisha, na baada ya muda Bakri akamwoa mjane wa ndugu yake ili yeye na bintiye wasipotee. Watu wote walimsifu. Ilikuwa ndoa ya heshima, na hatimaye, wanaowajua wanasema, ikawa ya mapenzi.

Sasa mjane si mjane.

Sheikh Fuadi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye ndiye aliyehukumu kwamba Sabir amekufa, kwa ushahidi wa Bi Mishi na wa waliozika pamoja naye. Yeye ndiye aliyewaozesha Bakri na Mwanatumu, kwenye mkeka huuhuu. Alizeeka kidogo pale walipokuwa wakimtazama.

"Nikaha ya leo haifungwi," alisema. "Wali wa binti huyu, mwenye haki ya kumwozesha, ni baba yake, na baba yake yu hai. Bakri, wewe huna ruhusa."

"Sabir amempa Bakri ruhusa," Adnan alidakia. "Aliniambia kwa mdomo wake, moyoni nimekwisha kumfanya Bakri wakala wangu."

"Uwakala wa moyoni haupo, mwanangu. Wakala huambiwa." Kisha akageuka, na hilo la pili lilimtoka kwa shida. "Mtoto ni halali yako, Bakri, hakuna atakayemnyooshea kidole. Mulioana mkiamini. Lakini kuanzia saa hii Mwanatumu ni mke wa ndugu yako. Usilale nyumba hii."

Mwanatumu hakulia. Alimhamisha mtoto kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, akabaki vilevile.

Rawda akamwendea Adnan. Hakuna aliyemzuia tena. Sheria za siku ya harusi zilikuwa zimeshakwisha kazi. "Ulijua baba yuko hai tangu siku ya kwanza. Ulikaa barazani kwetu, unakunywa kahawa ya mamangu, unaniambia utanipeleka Hungaria."

"Siwezi kukupeleka. Nilifukuzwa kule. Hata nikitaka, siingii."

"Basi ulikuwa unanipeleka wapi kesho?"

"Mombasa, kwa dada yangu. Hapo ningekueleza kila kichu." Alimeza mate. "Siku ya kwanza uliniuliza swali moja tu, kama mchu anaweza kufika Hungaria akatokea huku. Ulikuwa na sura ya mchu aliyekwama. Nikasema ndiyo, nitakupeleka, kabla sijafikiri. Baadaye nikawa sijui namna ya kuirudisha ndiyo hiyo."

Rawda alitaka kumpiga. Vilevile, na hilo lilimkera zaidi, alimwamini.

"Na baba je? Kwa nini umefanya siri? Bado kafungwa?"

Bi Mishi akamsukuma Adnan bega ajibu.

"Tulitolewa pamoja," akasema. "Tulipakiwa ndege moja mpaka Mogadishu, tukaja huku pamoja. Alinituma nitangulie, niulizie habari za nyumbani. Nikafika mlangoni hapo, nikamkuta Bi Mwanatumu ananyonyesha. Nikauliza, mtoto wa nani? Nikarudi nikamwambia."

"Akasema nini?"

"Alikaa siku nzima hasemi. Halafu akasema, Bakri ni mchu mwema, waache. Akaniambia nikuangalie, na tukipendana nikuoe. Akishasikia kwamba umeolewa, yeye anavukia Kenya, na hapa hatakanyaga tena. Leo ndiyo alikuwa anangoja habari."

"Anangojea wapi?"

"Kisiwani Chula. Kwenye nyumba mbovu, kwa upande wa makaburi ya kale. Wavuvi wanadhani ni mchu wa Kiunga, upande wa Kenya."

Chula. Si Hungaria, si jela, si kaburi. Chula, ambako Bakri mwenyewe hupeleka barafu na kuchukua samaki kila wiki. Huenda walipishana ufukoni na mtu mmoja alijifunika uso.

Bakri alikuwa amesikia. Alisimama, akavua joho la harusi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mto. Akaangika kofia yake. Akachukua ufunguo wa mashine ya boti uliokuwa umetundikwa msumarini, akatoka bila kumtazama mtu. Alipompita Mwanatumu mlangoni alimgusa mtoto kichwani, mama hakumgusa.

"Bakri," Sheikh aliita. "Unakwenda wapi?"

Nyayo zake zikasikika zikishuka kuelekea ufukoni.

Mwanatumu akamgeukia binti yake. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu jina la Sabir litajwe.

"Mfuate ami yako, Rawda."

"Mama, mfuate wewe. Wewe atakusikiliza."

"Nikitoka mimi kwenye mlango huu, nitakuwa nimemchagua mmoja," Mwanatumu alisema. "Na sijui kama ninakwenda kumzuia au ninakwenda kumwona babako. Nenda wewe."

Rawda hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alizikusanya nguo zake za harusi kwa mikono miwili yenye hina, akapita barazani, akakata kichochoro, watoto wakimfuata na kushangilia bibi harusi anayekimbia. Adnan alikuwa nyuma yake akimwita. Hakugeuka.

Boti ya Bakri, ile ya faiba yenye tangi la barafu, ilikuwa imeshasukumwa majini. Rawda akaingia maji mpaka magotini, mpaka kiunoni, akaishika ukingo, akajirusha ndani kwa tumbo. Nguo zilizoshonwa kwa wiki nzima zikarowa chumvi.

"Shuka," Bakri alisema.

"Sishuki."

"Rawda, mwanangu, nakuomba. Shuka."

"Unakwenda kumleta, ami? Niambie kwamba unakwenda kumleta, nitashuka."

Bakri akamtazama. Ndiye aliyemfundisha kuogelea, ndiye aliyemnunulia viatu vya Idi kila mwaka baada ya baba kupotea. Rawda alimpenda kwa dhati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwogopa.

Bakri alivuta mashine, ikakohoa, ikashika. Adnan alifika ufukoni akabaki amesimama majini, anapunga mikono, maneno yake yamemezwa na mngurumo. Boti ikaipita bandari, ikaupita ule mkondo ambapo maji hubadilika rangi. Hapo ndipo vyombo vyote vya visiwani hugeuza omo, ncha ya mbele, kusini, kuelekea Chovai na Chula.

Bakri akausukuma usukani, boti ikalala ubavu, ikageuza omo kaskazini.

"Ami," Rawda alisema. "Chula iko kusini."

"Najua," akasema Bakri. "Sabir alitaka kunipisha. Leo nampisha mimi."